Masaa matatu niliyoyasahau Kisite

Samahanini kwa ukimya, wadau. Nilisema nitaandika kuhusu ile programu yangu ya kubashiri maji ya bahari kupwa na kujaa, na nilikuwa nimekusudia makala ya kujigamba kidogo. Mambo yamegeuka. Haya, someni mcheke.

Kwanza niwaambie kwa nini niliiandika. Mzee wangu alifundisha jiografia katika shule za msingi kule Kakamega kwa miaka mingi hadi alipostaafu. Nilikuwa darasani mwake mimi mwenyewe. Nakumbuka alivyokuwa akitueleza jinsi mwezi unavyovuta bahari: chungwa ndilo dunia, limau ndilo mwezi, na taa ya chemli ndiyo jua. Alieleza vizuri sana. Sasa mwaka juzi, katika mazungumzo tu ya kawaida, nikagundua kwamba mzee hajawahi kuiona bahari. Hata siku moja. Ziwa Victoria amelizoea, lakini ziwa halipwi. Miaka yote ile alikuwa anafundisha kitu alichokisoma kitabuni.

Basi nikaamua. Wiki ya mwisho ya Februari 2024 nikachukua likizo, nikamleta Nairobi kwa basi, tukaingia kwenye kigari changu kikuukuu na kushika barabara ya Mombasa. Kituo chetu kilikuwa Shimoni, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, ambako mtu hupanda mashua kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Februari ni wakati mzuri kwa sababu kaskazi inavuma, bahari imetulia na maji ni meupe. Ukienda wakati wa kusi unaweza kutapika njia nzima usione hata samaki.

Barabara sitaieleza sana, wengi mnaijua. Kilomita karibu 485 hadi Mombasa, malori, na madereva wa mabasi ambao sijui leseni walipewa na nani. Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya safari, tulikula. Kuanzia hapo mibuyu, na reli ya SGR juu ya tuta lake upande wa pili. Karibu na Voi tuliona ndovu watatu wekundu kama matofali, kwa sababu ya udongo wa Tsavo wanaojipaka. Mzee alitaka nisimamishe gari. Nikamwambia, Baba, hawa hawajasoma sheria za barabarani. Tukalala Voi.

Siku ya pili, Likoni. Hapo ndipo mzee alipoiona bahari kwa mara ya kwanza, akiwa amebanwa kwenye feri kati ya lori la saruji na mama mwenye kuku. Nilisikitika kidogo, maana sivyo nilivyopanga. Yeye alichungulia pembeni, akakunja uso, akasema, "Ina harufu. Kitabu hakikusema ina harufu." Basi. Tukaendelea: Ukunda, Msambweni na minazi yake, miwa ya Ramisi, kisha njia panda ya Kanana unapokata kushoto hadi Shimoni.

Sasa nirudi kwenye programu. Ndani ya hifadhi kuna kisiwa kidogo cha matumbawe kiitwacho Kisite, na karibu nacho kuna fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Nilitaka mzee asimame pale, katikati ya bahari, kwa miguu yake. Kwa hiyo ilibidi nijue maji yatapwa saa ngapi. Ningeweza kununua jedwali, au kuuliza mtu. Lakini mnanijua.

Hesabu yenyewe ni tamu. Maji ya bahari hupanda na kushuka kama jumla ya mawimbi mengi, kila moja na mdundo wake. Kubwa kuliko yote hapa kwetu ni la mwezi, linalorudi kila baada ya masaa 12 na dakika 25 hivi. La jua hurudi kila baada ya masaa 12 kamili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mawili haya yanasukumana upande mmoja na unapata bamvua. Katikati yake yanapingana na unapata maji mafu. Pwani ya Kenya wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa inaweza kukaribia mita 4. Unaongeza mawimbi mengine madogo madogo, unajumlisha, unapata mstari. Nilipofananisha na jedwali la Mombasa kwenye kipakatalishi changu, tofauti ilikuwa dakika chache tu. Nilifurahi kama mtoto. Nikaipandisha kwenye seva ninayokodi ughaibuni ili niweze kuifungua kwa simu nikiwa safarini.

Asubuhi ile Shimoni simu ilisema: maji kupwa, 10:04. Saa nne na dakika nne. Safi kabisa. Tukalipia kiingilio kwa simu, tukashuka gatini kama saa mbili u nusu. Mzee akatazama ngazi, akasema, "Mbona maji yako juu hivi, kama yanapwa saa nne?"

Nikamwambia labda ni namna gati lilivyojengwa. Kwa kweli nilisema hivyo.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo kama ya baba, mwenye kofia ya kufuma, anayeongea taratibu. Alimwita baba "Mwalimu" tangu aliposikia kazi yake, na mimi akaniita "mwanangu". Tukavuka mkondo, tukakipita kisiwa cha Wasini, ambacho hakina gari hata moja, na pomboo watano au sita wakatokea kando ya mashua. Mzee alisimama akashika nguzo ya turubai, hakusema neno. Nilipiga picha nyingi, zote za mikia.

Saa nne tukafika Kisite. Mchanga haupo. Maji matupu, ya buluu.

Nikamwuliza nahodha, "Mzee, fungu liko wapi?"

"Liko chini. Maji bado yanavuta. Yatapwa saa saba."

"Simu yangu inasema yameshapwa sasa hivi."

"Basi iulize simu mbona huuoni mchanga."

Kijana wake wa kazi alicheka. Mimi nikaona haya, na haya hunifanya mjinga. Nilijiambia huenda nahodha amechanganya saa za Kiswahili na zile za Kizungu, halafu nikakumbuka tofauti ya hizo ni masaa 6, siyo 3, kwa hiyo sivyo. Nikahitimisha kwamba anakisia tu. Na kama ni maji kupwa, hoja yangu ilikuwa, basi yametulia, hayaendi popote, naweza kuogelea nione matumbawe huku tukingoja. Nahodha akasema nivae jaketi la kuokolea. Nikakataa, eti linazuia kupiga mbizi. Nikampa baba miwani yangu, nikavaa ile ya kuzamia, nikaruka.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa nzuri ajabu. Samaki wa manjano, matumbawe kama ubongo, mwanga ukicheza chini. Kisha nikaona matumbawe yanapita chini yangu kama unavyoona miti ukiwa ndani ya gari. Nikainua kichwa. Mashua ilikuwa mbali. Nikaanza kuogelea kuirudia. Nilijifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli Nairobi, mita 25 unashika ukingo. Nikapiga mikono kwa nguvu zangu zote, nikainua kichwa tena, na mashua ilikuwa mbali zaidi. Hapo nikameza maji. Sina la kupamba: niliogopa. Kilichonijia akilini siyo kifo, ilikuwa ni kwamba baba ananitazama.

Nahodha alikuwa ameshang'oa nanga kabla sijapunga mkono. Aliiachia mashua ifuate maji hadi ikanifikia, kijana akatupa kamba, wakanivuta kama jodari. Nililala juu ya mbao nikikohoa. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee alikuwa bado ameshika miwani yangu kwa mikono miwili.

Baada ya muda nahodha akamweleza baba, siyo mimi: leo ni mwezi kumi na nane. Mwezi mpevu maji hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa, chini kidogo ya saa moja. Siku tatu nne zimepita, basi ni saa saba. Alihesabu kwa vidole, mara moja. Hakuwa na jedwali wala simu. Na saa nne, akasema, ndipo yanapokimbia kuliko wakati wote, kwa kuwa ni katikati ya kujaa na kupwa.

Baba akatikisa kichwa. "Dakika 50 kwa siku," akasema. "Niliandika ubaoni kila mwaka." Akanigeukia. "Simu yako imesema saa nne, mwenyewe anasema saa saba. Tofauti ni ngapi?"

"Tatu, Baba."

"Na Kenya tunahesabu saa kwa longitudo gani?"

Nilikuwa nimelowa na kutetemeka, nikajibu kama niko darasa la sita. "Digrii 45 mashariki."

"Gawanya kwa 15."

Jamani.

Kwa wasioandika programu: ndani ya mashine, wakati huhesabiwa kama sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, yaani saa za Greenwich. Ukitaka kumwonyesha mtu, unazigeuza kuwa saa za mahali alipo, na usipotaja mahali, mashine hutumia saa zake yenyewe. Kipakatalishi changu kimewekwa saa za Nairobi. Seva imewekwa UTC. Programu ni ileile, herufi kwa herufi, lakini kule ilikuwa ikiniandikia saa za Greenwich bila kusema. Kila mwandishi wa programu Kenya ana hiyo 3 kichwani kama namba ya kitambulisho. Mimi nimeshakagua kazi za wenzangu na kuwaandikia kwa wino mwekundu: taja ukanda wa saa! Usiku ule nikiwa Shimoni nilirekebisha mstari mmoja. Herufi zilizoongezeka: Africa/Nairobi. Na sasa kila saa inayotokea kwenye skrini inafuatwa na maneno "saa za Kenya", hata kama inachukiza macho.

Lakini nimeruka. Kama saa sita u nusu rangi ya maji ilianza kubadilika, kijani, halafu karibu nyeupe, halafu mgongo wa mchanga ukatoka polepole. Nahodha akasogeza mashua, kijana akamshika baba mkono. Mzee alikunja suruali hadi magotini, akavua viatu na kuviacha na soksi zimekunjwa ndani, akashuka. Alisimama. Alitazama pande zote nne. Kisha akaokota kijiti, akachora duara kubwa na duara dogo mchangani, na nahodha akachuchumaa karibu naye. Walikaa pale karibu saa nzima, mmoja akieleza chungwa na limau, mwingine akieleza bamvua na maji mafu, wakikatizana. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na jaketi la kuokolea nimelivaa, nchi kavu.

Maji yaliporudi yalianza na duara dogo.

Tangu tuliporudi mzee hunipigia simu kila Jumapili kutoka Kakamega kuuliza Kisite maji yako wapi saa hiyo. Namsomea kwenye skrini. Halafu husikia mlango ukifunguka. Anatoka uani kuutafuta mwezi, ahakikishe. Picha za mchangani zimo kwenye simu yake na hajui kuzituma, kwa hiyo mtaziona nikienda nyumbani. Za mikia ya pomboo ninazo, anayezitaka aniandikie.