Forodha Isiyo na Bahari

Sisi watu wa pwani tukisikia neno forodha, macho huelekea baharini. Asili yake ya Kiarabu ni mahali chombo kinapotia nanga. Basi mgeni atokaye Mombasa akifika Lwakhakha, magharibi ya Bungoma, hustaajabu: forodha ipo, bahari haipo. Upo mto tu, utokao Mlima Elgon, ambao wakati wa kiangazi mtu huuvuka kwa kukunja nguo.

Amri ya kifalme ya Uingereza ya mwaka 1926 iliufanya mpaka wa Kenya na Uganda ufuate mito: Sio, Malaba, Lwakhakha, na upande wa pili wa mlima, Suam. Lakini mto haufanyi bandari. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mahali pa kuingizia bidhaa hutangazwa katika gazeti rasmi. Ukipanda hatua mia kando ya mto, maji ni yale yale na kitunguu ni kile kile, ila hapo ni njia ya panya, na mali yaweza kukamatwa na kutaifishwa.

Sokoni Chwele nilimwuliza mama mmoja muuza vitunguu kwa nini hapiti kituoni. "Shehe, pale ni pa malori," akanijibu.

Sivyo, mama zangu. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambayo thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani. Kodi nyingine na kibali cha afya ya mimea vyaweza kudaiwa. Kumhurumia mchuuzi si jambo jipya: Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Baghdad, aliandika kwamba mali isiyofika dirham 200 haitozwi ushuru.

Kutoka Bungoma nilipitia Kimilili hadi Kitale, mji wa mahindi, kisha Endebess, mpaka Suam. Huko nako ni mto, daraja na kituo. Na wenye vifurushi vidogo hulitazama geti kwa woga ule ule. Nawaandikia haya akina mama mnaofuata bidhaa Tanga, kwa kuwa kanuni ya Lwakhakha ndiyo ya Lunga Lunga. Ukifika dirishani, kiulizie cheti hicho kabla hujafungua mkoba.