"Story" na "History"

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa Mbeya, nimemaliza kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Leo nataka nikusimulie jinsi maneno mawili ya Kiingereza, "story" na "history", yalivyonitesa.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa Kiingereza alitupa kazi ya kuandika "story". Nikaandika aliyonipa bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Kalenga kule Iringa. Wajerumani walipoipiga ngome ya Mkwawa, Oktoba 1894, mama mmoja alitoroka usiku, mtoto mgongoni, mfuko wa chumvi kichwani. Mtoto yule ndiye aliyekuja kumlea bibi yangu. Daftari likarudi na wino mwekundu: hii ni "history", nimeomba "story". Haya bwana. Mwaka uliofuata, kwenye mtihani wa historia, nikamwingiza yule mama katika jibu langu. Wino mwekundu tena: hii ni "story"!

Nikajiuliza, sasa mama wa watu aende wapi?

Kumbe maneno yenyewe ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametoka katika neno la Kiyunani, na zamani hata Waingereza waliyachanganya. Siku hizi "history" ni yaliyotokea, yenye ushahidi. "Story" ni yanayosimuliwa, ya kweli au ya kubuni. Nasi tunayo historia ya darasani na stori za kijiweni. Lakini ushahidi una wenyewe. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu linaloaminiwa kuwa lake likarudishwa mwaka 1954, likawekwa Kalenga. Yule mama hakuandikwa na mtu yeyote. Kosa lake ni hilo tu.

Mwaka jana nikapanda basi, Makambako, Mafinga, hadi Iringa. Nilimkuta bibi ameketi anaota jua.

"Kamwene, bibi."

"Karibu, mume wangu. Mbona umekonda?"

Nikamwuliza, "Bibi, hivi yule mama wa chumvi aliitwa nani?"

Akanyamaza kitambo, akitazama mikono yake. "Jina nilikuwa nalijua," akasema. "Ungekuja mapema."

Sikuwa na la kusema. Miaka yote ile nilikuwa nagombana na wino mwekundu, wala sikuwahi kumwuliza jina.

Riwaya nimeianza. Katika ukurasa wa kwanza yule mama anatoka ngomeni, na sehemu ya jina lake nimeiacha wazi, maana sina moyo wa kumpachika la kubuni. Wakiiita "story", sawa. Wakiiita "history", sawa pia.

Wewe je, ndugu msomaji, bibi yako yu hai? Chukua kalamu leo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.