Vidole vya Bibi

Nilimrekodi Bibi barazani kwake Pemba, akisuka ukili, kwa ajili ya filamu ya tasnifu yangu ya uzamili. Kamera ya kuazima ilirekodi HD kamili kwa ProRes 422, fremu 25 kwa sekunde. Saa moja ilikula gigabaiti 55 hivi. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa. Nikageuza video yote kuwa H.264, ikashuka hadi gigabaiti 4, nikafuta ile ya awali bila kusita.

Sikujua nilichotupa. ProRes huhifadhi kila fremu peke yake. H.264 huhifadhi fremu nzima mara mojamoja. Katikati huandika yaliyobadilika tu, na mengi huyakisia kutoka kwa fremu za jirani. Ukuta haukubadilika, ukabaki safi. Vidole vya Bibi vilikuwa vinakimbia.

Nilikata, nikahifadhi. Nikarekebisha rangi, nikahifadhi. Nikaweka maandishi, nikahifadhi. Kila mara nilianzia kwenye nakala iliyotangulia, na kila mara kodeki ilidondosha kidogo tena.

Bibi alifariki kabla sijamaliza. Arobaini ilipopita, nilimwonyesha Mama. Akasogeza uso karibu na kioo.

“Mbona vidole havionekani? Nilitaka nione anavyounga miyaa.”

Palikuwa na vimraba vya rangi ya ngozi.

Siku hizi nahariri kwa kodeki nzito, nabana mara moja tu, mwishoni. Mama naye ameanza kusuka kwa kukumbuka. Akifika pa kuunga, husimama.