Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Mshairi wa Kiswahili hurithi bahari hata kama hajawahi kuiona. Aina za tungo tunaziita bahari. Neno kina ni ulinganifu wa sauti katika mishororo, tena ni umbali wa kushuka majini. Mwenye fikra nyingi tunasema amezama. Mwenye shida, maji yamemfika shingoni. Lugha iliyolelewa pwani imetuzoeza sote kuiwazia nafsi kama maji mengi yasiyo na ukomo.

Mimi ni mzaliwa wa Kinampanda, katika nyanda za juu za Iramba, zaidi ya kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi. Kwetu mvua hunyesha msimu mmoja, baina ya Novemba na Aprili. Kisha makorongo hukauka. Hapo maji hayatazamwi, hutafutwa. Mama alikuwa akipiga magoti mchangani, akifukua kwa mikono, kisha akingoja. Maji yalikuja polepole, yakijikusanya kutoka pembeni. Aliyeharakisha kuteka aliyatibua, akaondoka na tope. Mwenye subira aliteka kata baada ya kata hadi ndoo ikajaa.

Gaston Bachelard, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyechapisha kitabu juu ya maji na ndoto mwaka 1942, alikulia Champagne, nchi ya vijito, na alikaribia miaka 30 alipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Si ajabu kwamba aliyatukuza maji baridi kuliko ya chumvi. Nafsi huota maji yaliyoilea.

Tangu mama afariki, humwota mara kwa mara. Simwoni ufukweni kamwe. Yupo korongoni, kata mkononi, anangoja. Nilipotaka kumtungia mbolezi, mawimbi hayakunifaa, kwani huzuni yangu haikuwa na kishindo. Ilijificha chini ya ukavu, ikanitaka nifukue na kungoja. Beti zilikuja mojamoja, wiki hata wiki.

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wengi huisikia methali hii kama dhihaka kwa mdogo. Mimi huisikia kama hukumu ya haki: kipimo cha maji ni yule ayahitajiye. Basi mshairi wa bara asiionee haya kata yake. Bahari ya utungo ataikuta tayari katika lugha. Maji ya kuijaza ayateke kwao.