Nanga Kwanza, Spana Baadaye

Kwenda Songo Mnara kutoka Kilwa Masoko ni safari ya kuvizia maji. Ukichelewa unakuta bahari imekupwa, boti haifiki kwenye mikoko, nawe unashuka mbali na kukanyaga tope hadi magotini. Siku za bamvua maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nahodha alitaka tuondoke maji yakijaa, tufike yamejaa, tuyatazame magofu, kisha turudi kabla hayajatukimbia. Ulikuwa msimu wa kusi: upepo wa usoni kwenda, wa mgongoni kurudi.

Boti ilikuwa ya faiba, na tezini ilifungwa mashine ya farasi 15, silinda mbili, ile inayotaka petroli ichanganywe na oili. Nahodha alichanganya mwenyewe ufukweni, dumu la lita 20 kwa mililita 400 za oili, yaani 1 kwa 50. Alipima kwa chupa yenye alama, si kwa kukadiria kwa jicho kama nilivyozoea kuona kwingine. Petroli yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwa dumu, na dumu hilo kabla ya hapo sijui lilibeba nini. Msaidizi wake alikuwa mpwa wake, kijana mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kukata shauri.

Tulilipita Gereza la Kilwa Kisiwani mashine ikiimba vizuri. Tulipotoka kwenye kinga ya kisiwa na kuanza kupokea mawimbi, nahodha akaongeza mwendo, na hapo ikaanza kumisi. Ukiipunguza, inatulia. Ukiiongeza, inakohoa, boti inalegea na omo inashuka.

“Mjomba, hii ni kabureta,” kijana akasema. “Nilete spana?”

“Binya pampu kwanza.”

Kijana akabinya ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta, nahodha akiwa ameishikilia mashine kwenye mwendo wa juu. Mashine inayokosa mafuta hupata nafuu ukiisaidia hivyo. Hii haikupata. Pampu ilikuwa ngumu, imejaa, na tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi lilikuwa wazi. Tundu hilo likisahauliwa limefungwa, tangi hujivuta lenyewe mpaka mafuta yanagoma kutoka, na wengi wameburuzwa hadi nyumbani kwa sababu hiyo tu. Nahodha akatazama pembeni: maji ya kupozea yanaruka kwa nguvu. Kisha akaizima ghafla, ikiwa bado inamisi, bila kuipunguza.

“Sasa nilete spana?”

“Lete nanga.”

Nilimwelewa nilipogeuka. Nyuma yetu, upande ambao kusi lingetusukuma, mawimbi yalikuwa yanavunjika juu ya mwamba. Boti ikishalala kwenye nanga, fundi ana muda. Isipolala, kila dakika ya kufungua skrubu ni dakika ya kusogea mwambani, na mikono huanza kutetemeka.

Waliinua mguu wa mashine. Pangaboi lilikuwa safi, halina mwani wala mshipi. Nahodha hakulitegemea sana hilo. Alinieleza kuwa pangaboi likiteleza kwenye ekseli, mashine hupiga kelele ya juu huku boti haiendi. Yetu ilikuwa inashusha sauti, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ndani.

Akafungua kikombe cha chujio na kumimina kilichomo kwenye chupa angavu. Baada ya muda kidogo, mstari ukajichora: juu petroli, chini maji. Kijana akashangilia, na kusema kweli na mimi nilidhani tumemaliza. Nahodha akakifuta kikombe, akakirudisha, akachukua spana ya plagi.

“Mjomba, si tumeshaona maji?”

“Maji yangeziumiza zote mbili. Ngoja tuone.”

Akazichomoa plagi na kuziweka kwenye kiganja. Ya juu ilikuwa kavu, rangi ya kahawia. Ya chini ilikuwa nyeusi, imelowa petroli na oili. Ndiyo maana aliizima mashine ikiwa kwenye mwendo wa juu: angeipunguza kwanza, plagi zingeonyesha hali ya mwendo mdogo, ambao haukuwa na tatizo. Na mashine hii ina kabureta moja inayolisha silinda zote mbili. Kama ya juu inaunguza vizuri na ya chini inapata mafuta lakini haiyaunguzi, kabureta inashitakiwa kwa lipi? Siku hiyo ndipo niliposhawishika kwamba kabureta nyingi za pwani yetu hufunguliwa bure, tena baharini, ambako jeti ikidondoka ndani ya ngama haipatikani tena.

Hakutaka kujaribu cheche pale kwa kuvuta kamba plagi zikining’inia nje, kwani mvuke wa petroli ulikuwa bado botini. Alizipangusa, akazibadilishana: ya juu chini, ya chini juu. Tukang’oa nanga, tukajaribu, ikamisi tena. Nanga chini, plagi nje. Iliyolowa ilikuwa ya chini vilevile, ingawa sasa ilikuwa ile plagi iliyokuwa kavu mwanzo. Plagi zikawa zimeachiwa huru.

Ilibaki kofia ya plagi. Aliigeuza juani, akaonyesha ufa mwembamba wenye weupe wa chumvi. Kwenye mwendo mdogo mgandamizo wa silinda ni mdogo na cheche huruka bila taabu. Ukiongeza mwendo mgandamizo unapanda, cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka pengo la plagi, na umeme ukikuta ufa wenye chumvi na unyevu huchagua njia hiyo rahisi na kuishia kwenye chuma cha mashine. Nahodha akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa vitu vya mashine iliyokwisha kufa, akatoa kofia nzima, akaizungusha ile mbovu ikatoka, akakata ncha ya waya iliyoota kutu ya kijani, akafunga nyingine. Tulipoondoka ilivuta bila kukohoa hata mara moja.

Maji hayakutusubiri. Tulitembea kwenye tope kama ilivyotabiriwa, na magofu, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, tuliyatazama kwa haraka kuliko yanavyostahili.

Wewe unayekwenda kukodi boti Masoko, au popote, usiulize nguvu ya mashine tu. Omba uonyeshwe nanga na kamba yake, makasia, spana ya plagi, plagi mbili za akiba na kofia zake. Nahodha asiyekuwa navyo, mtafute mwingine.