Kumbe ni Utomvu!

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Kiza hicho kilitanda nyumbani kwetu hapa Kikambala mwaka mzima, na nusura kimwangamize mtu asiye na hatia.

Mambo yalianza likizo ya Desemba nilipokuwa kidato cha kwanza. Niliamka asubuhi midomo imevimba kana kwamba nimeumwa na nyuki, na vipele vya majimaji vimenijaa kando ya mdomo na baina ya vidole. Viliniwasha hata usiku silali. Mama alisema ni kamba wa baharini tuliokula juzi yake. Tangu siku hiyo nikapigwa marufuku kamba, kaa na hata samaki. Hebu fikiria, mtu wa pwani ale wali mkavu na wenzake wanaramba mchuzi wa papa! Kufikia Aprili vipele vilikuwa vimekwisha. Sote tukasema, naam, ni kamba.

Desemba iliyofuata vikarudi, nami kamba sikuwa nimeonja. Hapo ndipo neno baya lilipoingia nyumbani. Baba mdogo alisema, "Huyu mtoto amechezewa." Kidole kikaelekezwa kwa hawe mmoja jirani yetu, ajuza anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kosa lake ni lipi? Kila msimu alituletea kikapu cha maembe, ngowe na boribo. "Mbona akileta yeye ndipo mtoto augua?" Kikapu kikarudishwa, na mtumwa nikawa mimi. Nilikiweka mlangoni pake nikatoka mbio, hata salamu sikutoa.

Wenzangu, mnajua kwamba katika kaunti yetu ya Kilifi neno kama hilo haliishii mdomoni. Wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbia makwao wakaenda kutafuta hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Hayo yote niliyajua, nami nikanyamaza.

Mama alikataa katakata habari za mganga akanipeleka zahanati. Daktari alinitazama vidole akauliza, "Umekula nini, na umeshika nini?"

"Leo, daktari?"

"Leo, jana na juzi."

Alinieleza kuwa mzio ni mwili kupigana na kitu ambacho wengine hakiwadhuru, na si wa namna moja. Wa chakula kama kamba kwa kawaida huja upesi, dakika chache au saa chache baada ya kula. Ule wa ngozi kugusana na kitu waweza kukawia siku moja, mbili au zaidi. Ndiyo maana watu humkamata asiye mwizi. Akaniagiza niandike katika daftari kila ninachokula na kila ninachokigusa. Tena akanionya: ukivimba ulimi au ukikosa pumzi, hapo hakuna daftari, kimbia hospitali.

Niliandika wiki tatu. Tulipolisoma lile daftari na mama, tulitazamana. Kila vipele vilipotoka, siku mbili nyuma palikuwa na maembe niliyookota njiani nikayamenya kwa meno, au korosho tulizochoma uani na kuzibangua. Embe la hawe halikuwamo hata moja!

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Bayolojia alinipa jibu. Mwembe na mkanju ni miti ya jamii moja. Utomvu na ganda la embe, pamoja na mafuta yaliyo katika ganda la korosho, vina kemikali za kufanana ziwezazo kuibabua ngozi. Mama akawa ananioshea embe na kunimenyea, nami nakula nyama yake tu. Siku ya tatu midomo salama, na ya nne vilevile. Daktari akaniruhusu pia nirudie samaki.

Jioni moja nilikwenda kwa hawe. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, kisha nikaanza kumsomesha habari za utomvu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mjukuu wangu, hayo nayajua tangu nikiwa kigori. Mie sishiki korosho mbichi bila kujipaka mafuta ya nazi mikononi. Kwani ni nani aliyekuja kuniuliza?"

Sikuwa na la kujibu. Mwaka mzima tulimzungumza yeye, na hakuna aliyezungumza naye.

Siku hizi nikienda kwake hunimenyea embe mwenyewe. Baba mdogo bado hupita njia ya mbali. Shime wenzangu, mwili ukikuwasha, shika kalamu uandike kabla hujamnyooshea mtu kidole.