Mizani ya Kamukunji

Majuzi mtafiti mmoja chipukizi, msichana hodari wa hesabu, aliniuliza ni lini Wazungu walituletea LEAP, programu tunayotumia kukadiria nishati itakayohitajika nchini na gesi joto itakayotokana nayo. Nikamwambia hawakutuletea, ilizaliwa kutokana na utafiti wa hapa Kenya, kwenye kuni na makaa. Alidhani natania. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nimezikagua tarehe upya. Utafiti wa kuni wa Taasisi ya Beijer ya Stockholm, kwa ushirikiano na Wizara yetu ya Nishati iliyokuwa bado changa, ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na LEAP iliundwa kwa ajili yake. Agosti 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu ukafanyika Nairobi. Mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria, megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Hayo yamo vitabuni, atakaye atayasoma. Asiyekuwemo ni mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa karibu na Kamukunji, jijini Nairobi, na kazi yangu yote ya miaka iliyofuata ina mkono wake.

Nilifika kwake nikiwa karani wa utafiti, na mizani ya kuning'iniza begani na daftari lenye safu iliyoandikwa “magunia kwa mwezi”. Akaitazama ile safu, akacheka. “Mwanangu, gunia gani?” Akanionyesha. Gunia la Kitui lilikuwa limeshonewa kichwa cha vijiti na majani, likapanda hadi kifuani. Jingine, la Kajiado, lilikuwa fupi na limelegea. Kwenye daftari langu yote mawili yalikuwa “gunia 1”. Tukayapima. Moja lilikaribia kilo 50, la pili halikufika 35.

Kisha akanifundisha mkebe. Wengi mtaani hawakununua gunia. Walinunua mkebe asubuhi na mkebe jioni. Kulikuwa na mikebe iliyogongwa kitako kikaingia ndani, na mtu aliyepanga makaa makubwa kwa ustadi aliujaza mkebe hewa. Mvua za Aprili zilipoanza, makaa yalilowa yakawa mazito, na kibanda kizima kikanuka jivu bichi na gome la mgunga. Harufu hiyo ikinipata hata leo najua kilo nitakazoziona kwenye mizani si kilo za moto. Chenga za chini ya gunia alizitenga, akazikanda na udongo, akauza madonge yake kwa wapikaji wa githeri. Kwenye jedwali letu la kwanza chenga zilihesabiwa kuwa hasara. Tulilibadilisha kwa sababu yake.

Hatua chache kutoka kwake, nyundo za mafundi wa jua kali zililia kutwa. Ndipo lilipoanza kutoka lile jiko jipya, bati nje na udongo uliochomwa ndani, wazo lililochukuliwa Thailand likatengenezwa upya kwa mikono ya Shauri Moyo. Lilipunguza makaa kwa theluthi, wakati mwingine kwa nusu. Nilimuuliza kama halikuharibu biashara yake. Alisema wateja walionunua jiko hilo walianza kuchemsha maharagwe nyumbani, badala ya kununua yaliyokwisha kuchemshwa njiani. Kwa hiyo jiko liliokoa makaa, lakini si kiasi kile kilichoandikwa kwenye karatasi za wafadhili. Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu jambo hilo, na sijaona iliyolieleza kwa uwazi kama yeye.

Naye hakuishia kwenye mkebe. Alijua tanuri la udongo huko porini hula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo 1 ya makaa, kwa sababu alizaliwa kwa wachoma makaa. Hiyo ndiyo namba inayoamua kama msitu utabaki, nasi tuliipata kwanza kwake, kisha tukaenda kuithibitisha kwenye matanuri.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mkataba wa mabadiliko ya tabianchi ukaja, tukageuka kutoka watu wa kuni tukawa watu wa kaboni. Mkutano wake wa 2006 ukaja Nairobi. Gesi ya mitungi ikaenea, ikarudishiwa kodi 2021, kodi ikaondolewa 2023. Mitambo 365 ya upepo ikasimama karibu na Ziwa Turkana. Modeli zikawa nzuri ajabu, na michoro yake ina rangi nyingi kuliko kanga.

Lakini kupima kumekufa. Nimekaa kwenye vikao ambamo kampuni ya kuuza hati za kaboni imetuonyesha makadirio ya makaa ya kila nyumba, na nilipouliza ni nani aliyeshika mizani, nikajibiwa kwamba namba hiyo ni ya kawaida, hutumika kote. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko ya nchi mbalimbali, wakakuta hati zilizotolewa zinazidi upunguzaji halisi wa gesi joto takriban mara 9. Iliniuma, kwa sababu mama yule angeliona kosa hilo kabla chai haijapoa: mkebe umekadiriwa na mtu ambaye hajawahi kuununua.

Yule msichana nimempa mizani yangu. Wiki ijayo anaanza Kangemi, atarudi tena mvua zikinyesha, na nimemwambia asiniletee safu ya “magunia”. Na katika ripoti ijayo ya taifa ya gesi joto, kila namba ya kuni na makaa iandikwe kando yake: nani alipima, soko gani, mwezi gani.